Ini Nililotaka Kukugawia

Sikudhani, dada yangu wa ziwa moja,

Mtu hapiti makaburini kimya, huwasalimia waliolala. Nami nimepita kwako asubuhi, nimekusalimia kwa mdomo, lakini niliyokuwa nayo moyoni hayakuwa maneno ya kusemwa nimesimama njiani. Kwa hiyo nimepanda dungu la kulindia shamba na karatasi zangu. Naamia ndege kwenye mpunga wa Mama. Naandika mstari, nasimama, napiga debe, ndege wanaruka, nakaa tena. Usishangae sentensi zikikatika.

Nimevunja kiapo chako. Nianze na hilo, maana nikianza na jingine nitazunguka tu mpaka jua lizame.

Uliniapisha kule India, umelala kitanda cha dirishani, umenishika kidole gumba kwa nguvu ambayo sikujua bado unayo. "Mama asijue. Hata nikifa. Hasa nikifa." Nikaapa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Sasa Mama anajua. Uwezo wa kulisha masikini kumi sina, kwa hiyo nimefunga siku tatu za kafara ya kiapo, na leo ndiyo ya mwisho. Njaa inanifanya nisitulie. Au labda si njaa. Nataka nikueleze ilivyokuwa, halafu unihukumu.

Unakumbuka ini la mbuzi?

Ilikuwa kabla ya safari. Ulikuwa umerudi kijijini Ruaruke kutoka hospitali ya Dar es Salaam, macho ya njano, miguu imekonda, tumbo limejaa maji kama una mimba ya miezi tisa. Walikuwa wamekwambia kwamba virusi vya homa ya ini vimelitafuna ini lako mpaka limesinyaa na kujaa makovu, kwamba dawa haipo, kwamba kilichobaki ni kuwekewa ini jingine, na kazi hiyo haifanywi nchini kwetu. Kaka yako Shabani aliuza lori kabla hajaombwa. Lori lile alilolipata miaka ilipofunguliwa biashara ya korosho, alilokuwa akiliosha kila Ijumaa kuliko alivyojiosha mwenyewe. Alirudi tu kutoka Kibiti kwa miguu, vumbi mpaka kwenye kope.

Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa udaktari, najua kila kitu kwa jina na sijawahi kushika kitu. Nikanunua ini la mbuzi kwa muuza nyama, nikaliweka kwenye sinia mbele ya Mama ili aelewe watakachotufanya. Nikamwonyesha kwamba ini si tonge moja. Lina pande mbili, na kila upande una mishipa yake ya kuingiza damu na ya kuitoa, ndiyo maana mtu anaweza kukatwa upande mmoja akabaki hai. Upande wa kushoto ni mdogo, unamtosha mtoto. Mtu mzima anahitaji wa kulia. Nikasema kitakachobaki kwangu kitakua, na kitakachoingia kwako kitakua, na baada ya miezi michache kila mmoja atatembea na ini zima.

Mama akaninyang'anya kisu. "Na nyongo je? Mie nimekata maini wewe hujazaliwa. Ikipasuka, sufuria zima chungu."

Nikamwambia hata madaktari wakubwa ndicho wanachokihofia. Kushona mishipa ya damu wanaweza, lakini mrija wa nyongo ndio unaovuja baadaye, mgonjwa ameshaanza kuchekelea.

Wewe ulikuwa umeegemea ukuta, macho umefumba, nikadhani umelala. Ukasema, "Basi upande wa kulia nitakuwa msomi, wa kushoto nitabaki darasa la saba."

Shabani akadakia, "Tutajuaje Kiingereza kinatokea upande gani?"

"Nikikutukana usielewe, ujue ni wa kulia."

Tulicheka, Sikudhani. Halafu Mama akalikaanga ini lile kwa vitunguu na tukalila. Wewe hukula. Ulinusa tu.

Shabani alikuwa wa kwanza kujitolea. Wakampima damu, ni kundi A, na wewe ni O, na mwenye O hapokei ila kutoka kwa O mwenzake. Mama ana kisukari na umri umekwenda. Mimi nikapimwa. O. Habari ilifika Ruaruke kabla yangu. Wanawake walinipokea kwa vigelegele: "Maziwa yameshageuka damu!" Nikawaambia hapana, maziwa hayabadili kundi la damu, watu wa kundi hili ni wengi, imetokea tu. Hakuna aliyenisikiliza. Na mimi, nakwambia leo, nilifurahi kutosikilizwa.

Unajua kwa nini. Mama aliyenizaa alifia kule visiwani, mto unapoingia baharini, akinizaa, mwaka ambao mto uliingia mpaka ndani ya nyumba. Nililetwa Ruaruke nimefungwa kwenye shuka, kwa mwanamke aliyekuwa ananyonyesha mtoto wake, na mtoto huyo ni wewe. Akakupa ziwa moja na mimi akanipa la pili. Sikuwahi kuona dalili kwamba nilikupunguzia. Lakini mtu anayeletwa kwenye shuka huwaza. Nimewaza maisha yangu yote. Ilipotokea O, nikajiona nimezaliwa kwa ajili hiyo, na usiniambie ni upuuzi, najua.

Ndege. Ngoja.

Kule India, hujui nusu ya nilivyohangaishwa, maana nilikuwa nakuletea vichekesho tu. Kwanza hati. Walitaka mtoaji awe jamaa wa karibu, nao dada wa kunyonya hawamjui. Kwao nilikuwa rafiki tu, na rafiki wanamshuku kwamba amenunuliwa. Shabani akapandisha sauti mbele ya kamati nzima: "Rafiki? Waambie basi wanioze huyu, waone kama kuna shehe wa kufunga ndoa hiyo!" Bahati mkalimani alikuwa mama wa Kiislamu. Alicheka, akawaeleza polepole kwamba kwa dini yetu mimi na Shabani ni haramu kuoana kwa sababu ya ziwa, na kwamba udugu huu hauvunjiki. Walinong'onezana sana. Wakakubali nipimwe.

Ndipo ikaanza kazi ya kunichambua kama mchele kwenye ungo. Walipima ukubwa wa ini langu kwa picha, wakaulinganisha na uzito wako. Walitafuta mafuta ndani yake, maana ini lenye mafuta haliaminiki. Walinidunga dawa ya rangi ili waone mishipa inavyogawanyika, kwa kuwa kuna watu ambao mishipa yao imepita pasipotarajiwa, na hao hurudishwa nyumbani. Yangu ilikuwa mizuri. Daktari alisema hivyo, "mizuri," nami nikatembea siku nzima kama niliyesifiwa uso.

Kisha mwanamke mmoja wa hospitali akaniita peke yangu, mlango ukafungwa. Akaniuliza kama kuna aliyenilazimisha. Akasema, "Ukibadili nia, hata ukiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, tutawaambia jamaa zako kwamba hufai. Basi. Sababu hatutaji, ya kweli wala ya uongo." Nikamshukuru kwa adabu, nikamcheka moyoni. Mimi nibadili nia!

Mpasuaji mwenyewe alinichorea. Kisu kingeanzia chini ya chembe cha moyo, kingefuata mbavu kuelekea kulia. Angelitenga ini langu taratibu, mshipa kwa mshipa, damu ikiendelea kupita humo mpaka dakika ya mwisho. Wewe ungekuwa chumba cha jirani, umeshafunguliwa, ini lako limetolewa. Wangeunga kwanza mshipa wa kutolea damu, halafu ule mkubwa wa kuingizia, wafungue, ini ligeuke rangi mbele ya macho yao. Kisha ule mwembamba, kwa darubini. Mwisho nyongo. Alipokuwa ananionyesha kwenye tumbo langu, kidole chake kikasimama. Palepale pa kuanzia kisu, mistari miwili mifupi. Chale zetu.

"Hii nini?"

Nikasema, "Utoto."

Asubuhi yake majibu ya damu yaliyochelewa maabara yakatoka. Hufai, mpasuaji akaniambia, na kwa kuwa mimi ni mwanafunzi wa udaktari akanionyesha karatasi nijisomee. Virusi vilevile. Ninavyo na mimi. Mimi siumwi, naweza nisiumwe maisha yangu yote, wengi wako hivyo, lakini ini lenye virusi hivyo hawampi mtu ambaye hivyohivyo ndivyo vilivyomuulia lake.

Akaniuliza kama mwenzangu naye ana chale. Akaniuliza kama wembe ulikuwa mmoja.

Wembe ulikuwa mmoja. Mama alitusimulia mara ngapi! Tulipokuwa tunatambaa wewe ulidhoofika na mimi nikanenepa, na Bi Hidaya, fundi wa watoto, akasema wawili wasiotoka tumbo moja wakishirikiana ziwa, mmoja humlemea mwenzake, mpaka wachanjwe kwa wembe mmoja na kupakwa dawa moja. Kwa hiyo Mama alikupakata wewe, bibi yako akanipakata mimi, na wembe ukatoka kwako ukaja kwangu, au ulitoka kwangu ukaja kwako. Hilo ndilo linalonikosesha kukaa. Ulitoka wapi ukaenda wapi. Daktari alisema hakuna awezaye kujua. Yaweza kuwa sindano ya zahanati, yaweza kuwa michubuko ya watoto wanaocheza pamoja, yaweza kuwa mama yangu aliyenizaa. Yaweza kuwa si wembe kabisa.

Nilikwambia mchana uleule. Kukuficha wewe sikujua kungeanzia wapi. Ulipapasa chale zako juu ya tumbo lile lililojaa maji, ukasema, "Bi Hidaya na wembe wake!" Ukacheka mpaka maji yakatikisika. Halafu ukaacha kucheka ghafla, ukashika kidole changu. "Mama ndiye aliyekwenda kumwita Bi Hidaya. Asijue."

Shabani wao walimwambia neno moja, hafai. Kwenye korido akakutana na mfanyabiashara wa Mombasa aliyekuwa anauguza mkewe, mwenye uzoefu wa ile hospitali, akamwelimisha: "Hafai maana yake kaogopa kisu. Ndivyo wanavyowasitiri." Nilimwona Shabani akirudi chumbani. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuza lori bure. Wewe ulikuwa umelala. Nilifungua mdomo, nikakumbuka kiapo, maana akijua Shabani Mama naye amejua, nikaufunga.

Tukarudi. Mengine unayajua, mpaka pale unapoyajua.

Usiyoyajua ni haya. Maneno ya yule wa Mombasa Shabani aliyafikisha kwa Mama. Kwenye mazishi yako Mama aliniita "daktari". "Mpeni daktari kiti." Sikudhani, kiti! Katika nyumba ile ambayo nimekaa mkekani tangu sina meno. Nikaletewa wali kwenye sahani ya peke yangu, na kijiko. Wengine wanakula sinia moja, mimi na kijiko changu kama bwana afya. Hakunitukana. Angenitukana ningepona. Wake wa jirani waliponipita walinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Ziwa alilipata, ini kalificha." Nilirudi chuoni baada ya arobaini, nikawa naingia darasani na kutoka bila kujua limefundishwa nini. Kila mchoro wa ini ubaoni ulikuwa wako au wangu.

Halafu Shabani akanipigia simu kwa jirani wa hosteli. Hakusalimia sana. Jabu, mwanao, anakataa kula, akasema, anakuita kila akishikwa na homa, na Bi Hidaya amesema mtoto anavutwa na marehemu. Dawa yake achanjwe pamoja na mtoto mchanga wa Shabani, wembe mmoja, ili wa duniani amshikilie. Ijumaa baada ya swala. "Nimekwambia ili usije ukalaumu kwamba hukuambiwa," akamaliza, akakata.

Sikulala hosteli siku ile, nilipanda gari la kwanza la kusini. Njia nzima nilikuwa nabishana nawe. Jabu ulimzaa ukiwa na virusi tayari. Huenda anavyo, huenda hana. Mtoto wa Shabani hana kosa lolote. Nikatafuta uongo wa kusema. Nikasema nitawaambia serikali imekataza. Nitawaambia kuna pepopunda. Nitanunua wembe pakiti nzima, kila mtoto wake. Nikanunua kweli, stendi ya Kibiti.

Nilipofika ua umejaa, jamvi limetandikwa, Bi Hidaya ameketi na kisahani chake, mikono siku hizi inamtetemeka. Nikatoa pakiti. "Mama, kila mtoto na wembe wake. Tafadhali."

Bi Hidaya akasema dawa haitashika. Mama hakunitazama. "Daktari, haya ya kwetu tuachie wenyewe. Nyie wawili mlichanjwa kwa wembe mmoja, mlikufa?"

Akasikia alichokisema. Sote tulisikia. Alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga.

Hapo ndipo, Sikudhani. Sikupanga. Nilipiga magoti mbele yake nikasema kwamba sikuogopa kisu. Kwamba nilikuwa nimeshachorwa pa kukatwa. Kwamba ugonjwa uliokuua ninao na mimi, na ndiyo sababu niliambiwa sifai. Kwamba huenda tuliupata pamoja, huenda kwa wembe, sijui, hakuna ajuaye, lakini Jabu hajapimwa na wembe huu usitoke kwake ukaenda kwa mwingine.

Nilingoja aanguke. Niliogopa jambo hilo tangu India, kumwona akihesabu: wembe, Bi Hidaya, aliyekwenda kumwita. Nawe ndilo uliloliogopa.

Lakini yeye alishika jambo jingine kwanza.

"Kwa hiyo hukumnyima."

"Sikumnyima, Mama."

"Hukumnyima mwenzio." Akarudia, kama anamwambia mtu aliye nyuma yangu. Miezi yote ile, kumbe, hilo ndilo lililokuwa linamla, kwamba alinyonyesha watoto wawili na mmoja akamnyima mwenziwe. Kilio chake cha siku ile sijawahi kukisikia, hata siku yako.

Mengine yalikuja baadaye, ua ulipokwisha watu. Alichukua wembe kutoka kwenye kisahani, akaufunga kwenye karatasi, akautupa chooni mwenyewe. Akakaa. Akaniuliza, "Ni mimi?" Nikamwambia, "Sijui, Mama." Nilitaka kumwambia hapana. Kiapo kimoja kilinitosha. Akaninyanyulia blauzi kama mtoto mdogo, akaweka kidole juu ya zile chale. "Nawe unaumwa?" Siumwi, nikasema. Nitakuwa napimwa. "Usinifiche tena. Mie si yai."

Shabani aliposikia alikwenda kukaa nje na baiskeli yake, akaifungua mnyororo na kuufunga tena, akaufungua tena. Kesho yake ndiye aliyetupeleka Kibiti kupanda gari ili Jabu akapimwe, mtoto mbele kwenye fremu. Stendi akaniambia, macho kwenye tairi, "Yule wa Mombasa nikimpata nitamkaba." Ndiyo toba yake hiyo, nimeipokea.

Na sasa sikiliza, nilikuwa naliweka hili mwisho. Jabu hana. Nilisoma majibu mara nyingi mpaka yule wa maabara akaniomba karatasi yake. Amechomwa sindano ya kwanza ya kinga. Alilia, akamtukana muuguzi kwa Kindengereko, safi kabisa, muuguzi akashukuru akidhani amesalimiwa. Huyo ni wako. Tangu turudi anakula, ila anataka alishwe na mimi, na kila tonge lazima kwanza nimtajie jina la mnyama.

Bado sijatulia. Sitakudanganya. Kuna nyakati najishika ubavuni nikijiuliza kilichomo kimeamka au kimelala. Kuna nyakati naurudia mchoro wa yule mpasuaji kichwani, mshipa wa kutoa, wa kuingiza, ule mwembamba, nyongo, mpaka mwisho, na mwishoni unaamka, unaniuliza Kiingereza kimetokea upande gani. Ini lako ninalo bado, Sikudhani. Upande wa kulia. Halikupata njia ya kuja.

Jua limeshuka. Mama yuko shambani upande wa pili, namwona akiinama na kuinuka. Asubuhi alimtuma Shabani kwa muuza nyama, na moshi wa jikoni naujua kwa harufu yake, vitunguu na ini la mbuzi. Ni futari yangu. Sinia moja, ameshasema, kijiko wapelekewe mabwana afya.

Kiapo chako nimekivunja, nisamehe. Nakupa kingine, na hiki hakina wa kufichwa: sindano mbili zilizobaki za Jabu nitampeleka mimi, na huyu wa Shabani naye, na atakayezaliwa baada yake. Nikihitimu nitaomba kazi huku, na kila fundi wa chale kuanzia hapa mpaka visiwani nitakwenda kukaa kwenye jamvi lake na pakiti yangu ya nyembe, aniite daktari apendavyo. Na Jabu akikua nitamwambia mama yake alikuwa nani, kwa vichekesho vyote, hata vile vibaya.

Lala, dada yangu. Mungu akupanulie hapo ulipo.

Ningeandika zaidi, ila mpunga umejaa ndege na Mama amesimama, mkono kiunoni, anapiga kelele mpaka mtoni: "We mtoto! Umelala huko juu? Watatumaliza hawa!"

Amesema mtoto. Acha nishuke.

Rukia wako